Kamusi inasema "kupenda" mara mbili: jibu kwa mwinjilisti wa Makete

Swali: "Mwalimu, mimi ni mwinjilisti wa usharika mmoja huku Makete. Tulipata mhubiri mgeni akafundisha kwamba katika Yohana 21 Yesu alimwuliza Petro habari za upendo wa Kimungu, Petro akajibu kwa upendo wa kirafiki tu, na kwamba Biblia yetu ya Kiswahili imelificha jambo hilo. Kijana mmoja akaniwekea kwenye simu programu yenye kamusi ya Kiebrania na Kigiriki, ile ya nambari. Nimefungua, nakuta maneno yote mawili ni 'kupenda'. Nani mkweli? Mtu asiyesomea lugha hizo anaweza kuzitumia kamusi hizi bila kupotosha watu? Nichukue ipi? Bando langu dogo na Kiingereza changu cha kuungaunga. Na huyu mhubiri nimwambie nini?"

Kamwene, Mwinjilisti. Nikutoe wasiwasi kwanza: unaweza kuzitumia, na kamusi yako haijakudanganya. Shida ni kwamba watu huzituma kamusi hizi kazi isiyo yao. Kamusi inakuonyesha neno linaweza kubeba nini. Limebeba nini siku ile, hilo utaliona kwenye mstari wenyewe. Ukilishika hilo, hata kamusi ya bure itakufikisha mbali. Usipolishika, hata ile ya bei mbaya itakupoteza.

Tuanze na hizo nambari, maana watu wengi wanaziheshimu kama vile zimeandikwa na manabii. Zilitungwa na Mmarekani mmoja, James Strong, aliyechapisha itifaki yake ya Biblia mwaka 1890. Alichukua Biblia ya Kiingereza ya King James, akaorodhesha maneno yake yote, kisha akalipatia kila neno la asili nambari: ya Kiebrania yanafika 8674, ya Kigiriki 5624. Yale machache ya Kiaramu, ya sehemu za Danieli na Ezra, yamo humohumo kwenye orodha ya Kiebrania. Lengo lake lilikuwa kumsaidia asiyejua herufi zile apate kulifuatilia neno. Ni kama nambari ya kiwanja. Inakufikisha kwenye kiwanja, lakini nyumba iliyojengwa pale lazima uiangalie kwa macho yako.

Sasa fungua nambari 5315 upande wa Kiebrania. Utaona *nefesh*, maelezo mafupi, halafu kuna alama ya kistari na msururu mrefu wa maneno ya Kiingereza. Huo msururu siyo maana za neno. Ni orodha ya namna watafsiri wa King James walivyolitafsiri hapa na pale, pamoja na pale walipokwama. Ukishuka nao taratibu utamkuta samaki. Ndiyo, samaki! Ameingia kwa sababu ya Isaya 19:10, ambako watafsiri wale waliandika habari za mabwawa ya samaki. Ungekuwa na haraka ungepanda mimbarini ukasema nafsi kwa Kiebrania ni samaki, na kamusi ukainua juu kama ushahidi. Nacheka, lakini mahubiri mengi ninayoyasikia ya "kwa lugha ya asili neno hili lina maana saba" yanatoka kwenye msururu huohuo. Mtu anachagua maana inayompendeza kama anayechagua kitenge gulioni.

Twende kwa Petro. Katika Yohana 21:15 na 16 Yesu anauliza kwa *agapao*, nambari 25. Petro anajibu kwa *phileo*, nambari 5368. Mstari wa 17 Yesu mwenyewe anauliza kwa *phileo*, na Petro anajibu vilevile. Mpaka hapo mgeni wenu amesema kweli, maneno ni mawili. Kinachogomba ni kile anachosema kimefichwa.

Gusa nambari 25, halafu utafute palipoandikwa "mistari yote yenye neno hili". Hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye programu yako, na ndicho watu wasichokigusa. Soma mistari hiyo kwenye Biblia yako ya Kiswahili. Yohana 3:35, Baba ampenda Mwana: ni *agapao*. Rudi kwenye nambari 5368, ufungue Yohana 5:20, Baba ampenda Mwana: ni *phileo*. Ni mwandishi yuleyule, Baba yuleyule na Mwana yuleyule. Kama *phileo* ni upendo wa kirafiki wa daraja la pili, basi tuna kazi ya kueleza Yohana 5. Endelea. Yohana 3:19, watu wakapenda giza kuliko nuru: *agapao*. Dema aliyemwacha Paulo akiupenda ulimwengu huu, 2 Timotheo 4:10: *agapao*. Mafarisayo wanapenda viti vya mbele, Luka anaandika *agapao* (11:43), Mathayo kwa kosa hilohilo anaandika *phileo* (23:6). Na katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ile iitwayo Septuaginta, Amnoni aliyemnajisi dada yake Tamari, 2 Samweli 13, naye ameandikiwa *agapao*. Neno hilo halina utakatifu wa kuzaliwa nao.

Kuhusu Kiswahili kuficha, fungua Union Version, ile ya mwaka 1952, usome taratibu. Mstari wa 15 lisha, wa 16 chunga, wa 17 lisha tena. Wana-kondoo, kisha kondoo. Petro anasema "wewe wajua yote", halafu "wewe umetambua". Kigiriki nacho kina maneno mawili mawili katika kila sehemu hizo, na wazee wetu wameyatofautisha yote. Ni "penda" tu waliyoiacha moja, nafikiri kwa sababu Yohana anapenda kubadilisha maneno ili yasichoshe sikio, na Kiswahili hakikuwa na jozi ya kufaa bila kuongeza chumvi. Tena Yohana mwenyewe anasema Petro alihuzunika kwa kuwa ameulizwa *mara ya tatu*. Kwake yeye swali lilikuwa moja, limerudiwa mara tatu, kama Petro alivyokana mara tatu.

Wapo wasomi wa kuheshimika walioona tofauti katika maneno yale, na sitasema wote hawakujua kitu. Ninachosema ni kwamba kamusi haikupi hoja hiyo. Anayeitaka lazima aijenge kwa habari yenyewe ya sura ya 21.

Nikupe na aibu yangu, ili usidhani nazungumza kama mtu aliyezaliwa anajua. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nilihubiri kwenye ibada moja Mbeya juu ya *dunamis*, nambari 1411, nguvu. Nikawaambia watu kwamba neno hilo ndilo baruti, na kwamba mtakapopokea nguvu mtalipua ngome za adui. Watu wakaitikia kwa vigelegele. Baada ya ibada mzee mmoja akanisubiri mlangoni, ameshika kofia mkononi. Alikuwa amefanya kazi ya machimbo ya dhahabu Chunya ujana wake wote. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi wakati wa Paulo baruti ilikuwepo?" Nikabaki mdomo wazi. Alfred Nobel alikipa kilipuzi chake jina la "dynamite", kutokana na neno hilo la Kigiriki, mwaka 1867. Neno lilitoka kwa Paulo likaenda kwa Nobel, mimi nikalirudisha kinyumenyume. Yule mzee akaongeza, "Mimi baruti nimeishika. Haijengi kitu." Sijaitumia tena.

Kosa la namna hiyo lina kaka yake, nalo ni kulipasua neno vipande na kudhani vipande ndivyo maana. Utasikia *ekklesia*, kanisa, ni "walioitwa watoke". Ndivyo neno lilivyounganishwa zamani, sawa. Lakini fungua Matendo 19:32 uone neno hilohilo limetumika kwa lile kundi la watu wa Efeso waliojazana kwenye ukumbi wa michezo wakipiga kelele, wengi wao hawajui hata wamekusanyikia nini. James Barr aliandika kitabu kizima mwaka 1961 kuwaonya wasomi wa Biblia juu ya mchezo huu. Sisi tuna mfano wa karibu zaidi: katibu. Asili yake ni mtu wa kuandika. Nenda wizarani umwone Katibu Mkuu uniambie kama siku nzima anaandika.

Na hapo ndipo ninapofurahi kuzungumza na Mswahili juu ya Kiebrania, maana tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Kitabu, katibu, maktaba: unasikia k-t-b zimo zote tatu. Kiebrania kimejengwa hivyohivyo, na hata herufi hizo tatu ni za kuandika kwao pia. Baadhi ya kamusi kubwa za Kiebrania hupanga maneno kwa mizizi. Ukitafuta *mizbeach*, madhabahu, ndani ya kamusi ya Brown-Driver-Briggs usiitafute kwenye M, iko chini ya mzizi wa kuchinja, *zavach*. Mgeni anahangaika wiki nzima kuelewa kwa nini. Wewe tamka tu dhabihu, kisha madhabahu, umeshaelewa: ile "ma" ya mwanzo ni ya mahali. Kwenye simu ukigusa neno programu inakupeleka moja kwa moja, lakini ukijua mpangilio huu utasoma na majirani wa neno, na mara nyingi majirani ndio wanaosaidia.

Roho ni *ruach*, nafsi ni *nefesh*, malaika ni *mal'akh*, mauti ni *mavet*, kaburi ni *qever*. Maneno haya yametufikia kwa njia ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Lakini ndugu siyo mtu mmoja. Mwanzo 15:6, Abramu alimwamini Bwana akahesabiwa *tsedaqah*, nambari 6666. Sikio la Kiswahili linasikia sadaka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika insha safi kabisa kwamba Abramu alihesabiwa sadaka yake! Mstari unasema haki. Mzizi ni mmoja, maana zimeachana njia zamani sana.

Nafsi nayo inatutega kwa upande mwingine. Soma Zaburi 69:1 katika Union Version: "maji yamefika mpaka nafsini mwangu". Nilipokuwa mdogo niliuimba mstari huu nikidhani ni huzuni ya moyoni tu. Gusa *nefesh* kwenye kamusi nzuri zaidi ya Strong, utaona neno hili linashika pia koo na shingo, mahali pumzi inapopita, na kutoka hapo hamu, uhai, mtu mwenyewe. Isaya 5:14 kuzimu kunaipanua *nefesh* yake na kuachama kinywa. Rudi sasa kwenye zaburi. Mstari wa 2 mtu anazama matopeni, hana pa kusimama. Aliyewahi kuvuka mto kwa miguu wakati wa masika anajua maji yakifika wapi ndipo mtu anapiga ukelele. Yamefika shingoni. Tafsiri kadhaa za siku hizi zimeandika hivyo. Hapa kamusi imefanya kazi yake halali: imekufungulia maana inayowezekana, na mstari wa 2 ukaithibitisha. (Ukiifungua zaburi hii katika Kiebrania usishangae mstari wa 1 kuitwa wa 2. Kichwa cha zaburi kwao huhesabiwa. Programu nyingine hurekebisha, nyingine zinakuacha ukigusa mstari usio wenyewe.)

Ezekieli 37, lile bonde la mifupa, ndiyo sura ninayowapa watu wa kuanza. Kiswahili kina pumzi, kina upepo, kina roho. Gusa kila moja, utaona nambari ileile, 7307. Nabii anacheza na neno moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna lugha yetu inayoweza kumfuata. Hicho nacho ungekiita "kimefichwa", lakini hakuna aliyekificha.

Jambo moja ambalo nambari hazikuambii kabisa ni mnyambuliko. Sisi tuna penda, pendwa, pendana, pendeza, pendelea. Fikiria kamusi inayokupa "penda" tu kwa yote hayo, kisha mtu ahubiri kwamba "nguo imempendeza" maana yake nguo inampenda. Ndivyo Strong anavyofanya na vitenzi vya Kiebrania. Fungua Kumbukumbu la Torati 4:10. Watu wapate *kujifunza* kumwogopa Mungu, na *kuwafundisha* watoto wao. Yote mawili ni nambari 3925, *lamad*. Kwa umbo la kawaida ni kujifunza, kwa umbo lenye herufi ya katikati iliyokazwa ni kufundisha. Kiswahili chenyewe kimetoa vyote kwenye "funda", raha iliyoje. Kwa hiyo programu utakayochagua lazima, ukigusa kitenzi, ikuonyeshe pia umbo lake. Isipoonyesha, vitenzi viache, fanya kazi na majina.

Sasa ipi uchukue. Kwa simu ya Android ningeanza na AndBible, ya bure, haina matangazo, na ukishapakua unachotaka hufanya kazi bila mtandao. Chukua kamusi za Strong za lugha zote mbili, Biblia ya King James yenye nambari, na kwa Kigiriki uongeze Abbott-Smith, kamusi ya mwaka 1922, fupi na yenye akili. Ukubwa wake ni megabaiti chache, siyo wa kukutisha. Ukishuka Njombe au Makambako kwa shughuli zako, ukae mahali penye mtandao wa bure umalize kazi hiyo. Siku ukiwa na kompyuta, au bando likiruhusu, STEP Bible ya watu wa Tyndale House, Cambridge, ndiyo ninayoipenda kuliko zote za bure: ukigusa neno inakupa maana fupi, umbo la kitenzi, na mistari yote, kwa pamoja.

Hizi za bure nyingi ni bure kwa kuwa ni za zamani, haki zake zimeisha. Siyo ubaya, ila ujue umri wa mzee unayemuuliza. Thayer wa Kigiriki alitoka miaka ya 1880, kabla wasomi hawajaanza kuzisoma kwa makini barua na risiti za mafunjo zilizofukuliwa Misri, ambazo zilionyesha kwamba Kigiriki cha Agano Jipya kilikuwa lugha ya sokoni na nyumbani. Brown-Driver-Briggs ni wa 1906, kabla ya kupatikana kwa vibao vya Ugarit, mji wa kale wa Siria, na kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi. Zile kubwa za kisasa, BDAG ya Kigiriki iliyotoka mwaka 2000 na ile ya Koehler na Baumgartner ya Kiebrania, zinauzwa, na bei yake siyo ya mfuko wa mwinjilisti. Usijinyime chakula kwa ajili yake. Ulizia maktaba ya chuo cha theolojia siku ukipita Mbeya au Iringa, ukae nayo nusu siku ukiwa na maswali yako umeyaandika tayari.

Nambari zikikataa kufanana kati ya kitabu na simu, usidhani umekosea kusoma. Kuna mfumo mwingine wa nambari, wa Goodrick na Kohlenberger, na vitabu vingine vinautumia. Herufi za Kiebrania zikitokea kama vijisanduku vitupu, simu haina fonti yake, sasisha programu au utumie maandishi ya Kilatini.

Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kwa Strong. Ukikwama, nakili aya ya kamusi uipe akili mnemba ikutafsirie. Inatafsiri vizuri. Ila usiiulize neno lina maana gani katika mstari fulani, maana itakujibu kwa ujasiri wa mhubiri wa mkutano wa hadhara, na mara nyingine inakutajia mistari ambayo neno hilo halimo. Msaada mkubwa kuliko huo unao nyumbani: kama una Maandiko ya Kikinga, Kibena au Kinyakyusa, yaweke kando ya Kiswahili. Pale yanapoachana na Kiswahili, hapo ndipo pa kufungua kamusi. Pale yote yanapokubaliana, kamusi haitakupa siri ambayo watafsiri wote hao hawakuiona.

Kuhusu mgeni wenu, usimjibu mimbarini, na wala usimpelekee ujumbe mrefu. Akipita tena Makete mkaribishe chai, weka simu mezani, umfungulie Yohana 3:35 na 5:20, umwombe yeye ndiye aguse maneno na kusoma nambari kwa sauti.